Kumfundisha Mama Mkwe Jibini

Omer wa Mushaki alijua jibini kuliko alivyojua ukoo wake. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amepasha maziwa, akayagandisha, akayakata na kuyabana, na jibini lake likateremka hadi Sake juu ya pikipiki, ambako watu waligombea kulinunua kabla halijafunguliwa kamba. Lakini kujua ni kitu kimoja na kufundisha ni kitu kingine, na hilo Omer aliligundua siku ya kwanza ya mafunzo ya walimu wa ufundi, pale Sake, mbele ya wenzake kumi na wanane na mwanamke mmoja mwenye miwani.

Mwanamke huyo ni Mama Kanyere, mkufunzi kutoka Butembo. Alikuwa amefundisha watu wazima kushona, kujenga na kusoma tangu Omer akiwa bado anachunga ndama. Alimwita mbele, akampa sufuria ya maziwa, akamwambia afundishe. Omer akakunja mikono ya shati na kufanya kila kitu mwenyewe, haraka, kwa ufundi wa kupendeza. Alipomaliza wenzake wakampigia makofi. Mama Kanyere hakupiga.

"Muzuri sana," alisema. "Papa Omer anajua kutengeneza fromaji. Lakini hata asubuhi alikuwa anajua. Hawa banafunzi bake, banajua nini sasa?"

Akamgeukia Omer.

"Ulijua je kama maziwa imeganda ya kutosha?"

"Unaingiza kidole, Mama. Unaona tu."

"Unaona nini?"

"Unaona kama iko tayari."

Darasa likaangua kicheko, na Omer naye akacheka, maana hakuwa na pa kujificha. Lakini usiku ule hakulala vizuri. Aliliona swali lile kuwa la haki kabisa.

Wiki nne zilizofuata alijifunza mengi. Alijifunza kwamba mtu mzima ukimwaibisha mara moja, kesho humwoni. Alijifunza kuuliza kabla ya kueleza, na kumwacha mwanafunzi akosee kidogo ili apate kujua. Gumu kuliko yote lilikuwa kuzuia mikono yake. Kila alipomwona mtu anakoroga vibaya, vidole vyake vilirukia mwiko vyenyewe, na Mama Kanyere alipaza sauti kutoka upande wa pili wa chumba: "Omer! Mikono nyuma!" Ila lile la kidole lilibaki palepale. Kidole kilijua, mdomo haukujua.

Na cheti alikihitaji kweli. Kituo cha ufundi cha Mushaki kilikuwa na chumba kimoja kizuri, chenye sakafu ya saruji na bomba la maji. Kamati ya kituo ilimwahidi Omer chumba hicho awe anafundisha humo, mradi arudi na cheti. Akirudi mikono mitupu, chumba kingepewa watu wa kusuka nywele, nao walikwisha kuja mara mbili kupima mahali pa kutundika vioo. Omer aliacha shule darasa la sita. Hakuna kitu alichokitamani duniani kuliko kusimama katika chumba kile kwa haki yake.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kufundisha somo moja kwa wanakijiji wanane, na sharti lake alilitamka Mama Kanyere mwenyewe: "Muntu mumoja akirudi kwake na maziwa imeharibika, somo imeanguka. Sitaki kusikia kama saba walifaulu."

Basi asubuhi ya mtihani wakafika kituoni Mushaki wanafunzi hao wanane, kila mmoja na kidumu chake cha maziwa. Mbele aliketi Papa Hakorimana, mfugaji mwenye kofia pana na maswali mengi. Wengine wakajipanga kwenye meza, kila meza na jiko lake la makaa. Wa mwisho aliingia mama mmoja aliyejitanda kitenge kichwani hadi kwenye nyusi, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya nyuma kabisa. Omer alikitambua kitenge kabla hajamtambua mtu. Alikuwa Mama Adelaïde, mama mzazi wa Myriam mkewe.

Kwa msomaji ambaye hakuoa katika milima yetu, niseme wazi: mkwe na mama mkwe hawatazamani. Ukimwona anakuja njiani, unaingia shambani mpaka apite, na Omer alikwisha kukanyaga maharagwe ya watu wengi kwa ajili ya heshima hiyo. Wapo vijana wa mjini wanaoicheka desturi hii. Wacheke tu, wakwe zao wako mbali.

Omer akamwendea Mama Kanyere kwenye kona alikokaa na karatasi zake, akamnong'oneza, "Mama, ule wa nyuma iko mama ya bibi yangu. Siwezi kumufundisha. Nitamuangalia je?"

"Alikuja na maziwa?"

"Alikuja nayo."

"Basi yeye njo mwanafunzi," akasema Mama Kanyere, akafungua kalamu.

Omer akapiga moyo konde, akaanza. Na alianza vizuri, lazima tuseme ukweli. Hakuwaambia wapashe maziwa kiasi gani. Aliwauliza maji ya kumwogesha mtoto mchanga huwa ya moto gani, na kina mama wote wakajibu kwa pamoja. Mikono yake ilitulia nyuma ya mgongo. Wakatia dawa ya kugandisha, wakafunika sufuria, na Omer akazunguka meza hadi meza akiuliza na kusikiliza. Ila kila alipofika meza ya saba, miguu ilimrudisha ya kwanza.

"Papa Omer," Mama Kanyere akaita, "banafunzi beko ngapi?"

"Munane, Mama."

"Miye nahesabu saba."

Hapo ndipo Omer aliposikia kisu kikiguswa kwenye meza ya nyuma. Mama Adelaïde alikuwa amefunua sufuria yake na alikuwa tayari kukata. Ilikuwa mapema mno! Maziwa yakikatwa kabla hayajashika, nusu ya jibini huondoka na maji, na hakuna wa kuirudisha. Kumtuma jirani hakungefaa, maana jirani naye alikuwa hajui. Kumpokonya kisu mama mkwe, hilo hata shetani hawezi kumshawishi mtu alifanye.

Akageuza mgongo. Akaanza kwenda kinyumenyume, hatua kwa hatua kati ya majiko, Papa Hakorimana akimsogezea viti, mpaka kisigino chake kikagonga mguu wa meza ya nyuma. Akasimama hapo, uso kwa darasa, mgongo kwa mama mkwe.

"Mama," akasema, akiukazia macho mlango uliokuwa mbele, "tuache kisu kwanza. Ingiza kidole, uinue pole pole. Inafanya nini?"

Papa Hakorimana alivua kofia kana kwamba yuko kanisani.

"Inashika kidole," sauti ikatoka nyuma, ndogo. "Inashika sawa uji."

"Na maji yake?"

"Ingali nyeupe. Haiyaachana na maziwa."

"Sasa mutu akikata uji na kisu, atapata nini?"

"Atapata uji."

Watu wakacheka, na yeye Mama Adelaïde akacheka chini ya kitenge chake. "Basi ningoje," akasema mwenyewe.

Wakangoja. Shingo ilimuuma Omer, lakini hakuthubutu kuigeuza. Kama angekuwa anaiona sufuria, angekwisha kusema "tayari" au "bado", na somo lingeishia hapo. Sasa alikuwa kama kipofu, ikambidi aulize tena na kusikiliza kweli.

"Na sasa, Mama?"

"Imebadirika," akasema, na sauti ilikuwa imepata nguvu. "Inapasuka mustari mumoja tu, sawa ini unaikata na kisu ya muzuri. Kidole inatoka safi. Na maji inatokea pale ndani, ya kijani kidogo."

Omer alifumba macho. Hayo ndiyo maneno aliyoyatafuta wiki nne, na kwa kweli miaka kumi na miwili!

"Mumesikia?" akapaza sauti. "Uji, munangoja. Ini, munakata. Kila mutu aingize kidole!"

Chumba kikalipuka. "Yangu ingali uji!" "Yangu iko ini kabisa!" Papa Hakorimana, mwenye haraka zake, alikwisha kuinua kisu na kumwuliza Omer, "Formateri, nikate?" Omer alipofungua mdomo ajibu, alikuwa amechelewa. Mama Adelaïde alimwahi kutoka meza ya nyuma: "Papa, kidole yako inasema nini?" Hakorimana akakishusha kisu, akachovya, akakiri kwa unyonge kwamba kidole kilisema uji. Omer akafunga mdomo wake na kuuacha umefungwa.

Kufikia saa sita majibini manane yalikuwa yamebanwa chini ya mawe, yote manane. Mama Kanyere akapita akiyabonyeza moja moja, kisha akavua miwani na kuifuta.

"Ku karatasi yangu, kwa mustari ya kuangalia mwanafunzi mu macho, nimekupa zero," akamwambia Omer mbele ya wote. "Miye sijaona hata siku moja formateri anafundisha na mugongo. Zero iko pale na itabakia pale." Akavaa miwani. "Ingine yote, umefaulu, cheti iko yako. Na miye, na miaka yangu yote ya kazi, leo njo nimejua maziwa inaganda namna gani."

Vigelegele vikapaa. Papa Hakorimana akarusha kofia ikatua kwenye maji ya maziwa, akaiokota na kuivaa hivyohivyo. Omer alisimama palepale, mgongo kwa meza ya nyuma, akipeana mikono na kila aliyekuja kwa mbele.

"Mwalimu," sauti ikasema nyuma yake.

Alidhani anaitwa Mama Kanyere. Mama Kanyere akamnyooshea kalamu: wewe.

Miaka saba tangu amwoe Myriam, Mama Adelaïde hakuwahi kumwita kitu chochote. Jina la mkwe halitamkwi. Akiwa na neno kwake, alimwambia mjukuu, "Uambie baba yako," na mjukuu alisema. Leo hapakuwa na mjukuu.

"Mwalimu," akarudia, wazi, chumba kizima kikisikia. "Tutarudia siku gani na maziwa?"

"Jumatano, Mama," Omer akaujibu mlango, machozi yakimtiririka na yeye akiyaacha. "Jumatano, asubuhi mapema."