Marekebisho ya Historia ya Manowari Hamayuki

Jumanne moja saa tatu asubuhi, Orita Fumi aliingia katika ofisi ya kumbukumbu za manowari mjini Kure akiwa na mwavuli, matonge manne ya wali na mumewe, Shigezo, aliyekufa baharini miaka kumi nyuma. Karani aliwapa namba moja ya foleni, kwa kuwa shauri lao lilikuwa moja, akatandika gazeti chini ya marehemu, maana alikuwa akichuruzika maji.

Historia ya utumishi wa Hamayuki ilikuwa ikiandikwa humo ofisini na nahodha wake wa zamani, Bwana Kajitani, aliyewapokea mezani pake. Alikuwa amefika ukurasa wa sitini na moja.

"Mmeandika alikufa vitani tarehe kumi na nne," Fumi alisema. "Mwenyewe anasema kumi na saba."

"Ulitushusha kwa mashua, watu kumi na mmoja, tuokoe mabaharia wa meli ya mizigo," Shigezo alisema. "Ndege za adui zikaja, mkaondoka. Tukawapungia mkono, nanyi mkatupungia. Tukajua mtarudi. Siku tatu, Nahodha."

Kajitani alimmiminia chai.

"Niliamriwa kuondoka."

"Basi andika hivyo."

"Amri hiyo haimo kwenye kitabu cha safari. Pasipo kitabu, nahitaji shahidi."

"Na huyu ni nani, kivuli?" Fumi alifoka.

"Shahidi lazima awe hai, mama. Ndiyo kanuni."

"Hai! Si wewe uliyemwacha afe?"

Kajitani alimwomba ajaze fomu. Jumanne iliyofuata, Shigezo alikuja na wenzake wote kumi. Walijaza fomu, wino ukatawanyika kwa unyevu, wakarudishiwa. Walijaza kwa penseli, penseli haikubaliki. Fumi aliwajazia yeye. Saini hazikuwa zao. Karani aliongeza benchi.

Majira ya kuchipua kitabu kikatoka, chenye jalada la buluu. Ukurasa wa sitini na moja ulisema: "Hamayuki ilitimiza kazi ya uokoaji, ikarejea salama."

Shigezo aliusoma mara mbili, kidole chake kikifuata mstari. Akauliza kama anaweza kukata rufaa.

"Unaweza kabisa," Kajitani alisema kwa upole. "Ndani ya mwaka mmoja tangu siku uliyokufa."

"Siku ipi?" Fumi akauliza.

Kajitani akaita namba iliyofuata.