Kiunzi Namba 47

Jumatatu asubuhi, mwaka 1995, Ziada alipangusa vumbi kwenye kompyuta pekee ya chama cha wakulima wa tangawizi mjini Same, akaingiza disketi ya kwanza. Kihariri cha kuandikia programu kilikuja kwenye disketi tatu. Ya nne ilikuwa na kiunzi, yaani zile kazi ndogondogo zilizokwisha kuandikwa ambazo kihariri huziegemea. Hiyo haikuletwa. Barua kutoka Dar es Salaam ilieleza kwamba bajeti iliishia kwenye ya tatu.

Kwenye meza ya pili, Mzee Hezroni, aliyekuwa karani kwa miaka ishirini na sita, alikuwa akitoa vitu vyake kwenye droo. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kupanda na pikapu zao hadi Mamba, huko milimani kwa wakulima, chama kilikuwa kinapunguza watu. Ijumaa ilikuwa siku yake ya mwisho, na kompyuta ndiyo ingeshika nafasi yake.

"Mwenzangu huyo anakula nini?" aliuliza.

"Umeme tu, mzee."

"Basi kanishinda. Mimi nilitaka na chai."

Ziada alicheka, ingawa moyo ulimuuma. Alikuwa na miezi minne tangu atoke chuoni, na aliamini kabisa kwamba haikuwa lazima mtu yeyote aondoke.

Disketi ya tatu ilipomalizika, skrini iliuliza kiunzi kiko wapi. Hezroni aliegemeza mkono juu ya mashine ili avae kiatu. Skrini ikajibu yenyewe: kiunzi kimepatikana.

Ziada akaandika amri fupi ya kupanga wakulima kwa vijiji. Nyuma yake Hezroni alikohoa, akaanza kutaja majina, na kila jina lililomtoka kinywani lilitokea kwenye skrini kwa mwandiko wake uliolalia kushoto.

"Mzee, mbona unajibu wewe?"

"Nimeulizwa, mwanangu. Ninyamaze?"

Jumanne Hezroni alipokwenda zahanati kupima presha, mashine ilisimama mpaka aliporudi. Ziada aliliandika hilo kwenye daftari la matengenezo. Kisha akamwandikia meneja, Bwana Erasmo, kuomba karani abakizwe kazini, kwa kuwa bila yeye kompyuta haiendi. Barua aliirudia mara tatu ili iwe na adabu.

Bwana Erasmo alikuja, akatazama, akaridhika.

"Ni kweli haiendi bila yeye. Lakini nafasi ya karani imeshafutwa. Wanaopunguzwa ni wafanyakazi, Ziada. Vifaa havipunguzwi."

"Kifaa kinapewa chai?" Hezroni aliuliza.

"Kinapewa kifuniko cha vumbi."

Ijumaa mtunza stoo alipita na kopo la rangi nyeupe kuandika namba za mali. Meza ilipata 45, kompyuta 46. Hezroni aligeuka, akasimama wima rangi isichuruzike, akaandikwa 47 mgongoni mwa koti.

Saa kumi na moja Raheli, mkewe, alikuja kumchukua. Mlinzi akamweleza kwa upole kuwa mali ya chama haitoki getini bila kibali. Ziada akajaza fomu. Kitarudi: Jumatatu, saa moja na nusu. Kwenye hali ya kifaa alifikiri sana, akaandika: kizuri sana.

Raheli alitia sahihi.

"Akikohoa, nimpeleke kwa daktari au kwa fundi?"

Ziada aliitazama fomu mbele na nyuma. Hapakuwa na sehemu ya hilo.

"Shikamoo, mama," alisema tu.

"Marahaba."

Wakatoka, Raheli akitembea hatua moja pembeni, kwa sababu rangi ilikuwa bado mbichi na kanga yake ilikuwa mpya.