Hatua Kutoka Bombani

Mimi ni karani wa makaburi ya manispaa, na kabla hujanionea huruma, nikuambie kwamba kazi hii naipenda. Wafu hawagombani na karani. Wanaogombana ni walio hai: huyu anataka kaburi lenye kivuli, yule analalamika kwamba shemeji yake amezikwa karibu mno na njia. Nina hasira za karibu. Mke wangu anasema hata birika likichelewa kuchemka naligombeza. Nayataja haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Sehemu ya watoto wachanga iko nyuma kabisa, kuanzia kwenye bomba la maji hadi ukutani. Haina mawe. Kila mtoto aliwekewa kigingi cha mbao chenye namba, na mchwa hawajui kusoma. Wamekula vigingi pamoja na namba zake. Leja ya ofisini ina jina la mzazi, tarehe, na neno moja: "nyuma". Basi. Aliyejua nani amelala wapi alikuwa mtu mmoja tu, mchimbaji wa makaburi tuliyemwita Bwana Hatua, kwa kuwa kila kitu alikipima kwa hatua zake. Alipoona vigingi vinaoza, alianza kuyaandika yote kwenye kompyuta ya kiganjani aliyopewa na mkwewe, kidude cha ukubwa wa mche mdogo wa sabuni. Alichora herufi moja moja kwa kijiti chake huku ameuma ulimi. Hatua kadhaa kutoka bombani, mtoto wa fulani. Watoto mia nne na kumi na wawili.

Mmoja wao ni mdogo wangu. Aliishi siku mbili. Mama alikuwa wodini, homa imempanda, hajijui hajitambui, na alipozinduka baba alikuwa ameshamzika mtoto. Alipoulizwa wapi, baba alichukua kofia yake akatoka. Mwaka uliofuata akaulizwa tena, kofia, mlango. Ikawa habari isiyotajwa nyumbani kwetu. Hata nilipopata kazi hapa Mama hakusema neno, alininyooshea shati tu.

Baba alifariki mwaka huu. Wiki ya tatu baada ya kumzika, Mama alikuja ofisini kwangu kwa mara ya kwanza. Aliketi kwenye benchi la wateja akangoja zamu yake, ingawa hapakuwa na mteja mwingine.

"Nataka kujua mwanangu yuko wapi," alisema.

Nilimwambia hilo ni jambo dogo. Nilitamba, kwa kweli. Nikamwambia Bwana Hatua aliandika kila kitu, ni suala la kufungua na kusoma. Ijumaa ya wiki ile mdogo wangu angetimiza miaka ishirini na sita, kwa hiyo nikampa ahadi: Ijumaa, saa tatu asubuhi, nitakupeleka.

Bwana Hatua mwenyewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Zamani akiwa hai aliwahi kunisimamisha getini akaniambia, "Mdogo wako nimeshamwandika." Nikamshukuru, nikasema nitamuuliza siku nikipata nafasi. Nafasi nilikuwa nayo. Nilichokosa ni moyo.

Nilikwenda kwa mjane wake. Alinitolea kidude kutoka kwenye kopo la biskuti, na hapo ndipo nilipoona ukubwa wa kazi. Kabati lilikuwa limekiangukia mwaka uliopita, kioo kimepasuka na weusi umetanda ndani yake kama wino uliomwagika. Hapakuwa na cha kusoma. Lakini kilikuwa hai. Ukibonyeza kitufe kinatoa mlio. Mjane alieleza kwamba marehemu alimwagiza: kikikosa betri kinasahau yote, na ukizibadilisha uzibadilishe upesi, usivute hata pumzi. Basi kila mwezi, kwa miaka miwili, yule mama alikaa kitandani akabadilisha betri za kitu asichoweza kukitumia. Aliponikabidhi alinipa pia kitako cha kukisimamishia kidude, na betri mbili mpya ndani ya karatasi.

Kama kioo kimekufa, njia iliyobaki ni moja: kukiunganisha na kompyuta ya mezani, yale maandishi yahamie huko. Kompyuta ya ofisi yetu iliwekwa mfumo huria na fundi mmoja tunayemwita Bure, kwa sababu ndilo neno lake. Mfumo huu ni bure, programu hizi ni bure, kila mtu ana haki ya kuzifungua aone zilivyotengenezwa. Mimi sikuwahi kuwa na haja ya kuona chochote kilivyotengenezwa. Nilitaka kiwake.

Bure alikuja Jumanne. Alikisimamisha kidude kwenye kitako chake, akachomeka waya, akaanza kuandika amri nyeupe kwenye skrini nyeusi. Alinieleza kwamba kompyuta hii haikioni kidude mpaka ubonyeze kitufe cha kwenye kitako. Hapo unakuwa na sekunde chache tu za kutoa amri, kisha mlango unajifunga. Alijaribu kama mara kumi, akakuna kichwa. Kisha akapigiwa simu ya kazi ya siku tano nje ya mji. Aliniahidi kurudi Jumatatu, akaniandikia maelekezo kwenye karatasi: nikitaka nijaribu kuchukua nakala ya akiba, ikikataa niache. Chini akaandika, kwa herufi kubwa, nisiguse programu ya kusawazisha.

"Kusawazisha ni kufanya pande mbili zifanane," alisema akiwa mlangoni. "Mashine haijui upande upi una ukweli. Wewe ndiye unayeiambia. Nisubiri, kaka."

Jumatano nilijaribu. Bonyeza kitufe, toa amri, gonga Enta. Ikajibu kwamba sina ruhusa. Mimi, karani wa mahali hapa kwa miaka kumi na moja, sina ruhusa. Nilisoma karatasi ya Bure, nikajiandikisha kwenye kundi la watu wanaoruhusiwa, nikaizima kompyuta nikaiwasha. Bonyeza, amri, Enta. Sasa haikuona kifaa. Nikabadilisha tundu la waya. Enta. Ikaniuliza kama nina hakika. Enta. Ikaniuliza neno la siri. Nikaandika, Enta. Muda umekwisha, jaribu tena. Alhamisi ilikuwa hivyo hivyo kutwa nzima. Mtu alikuja kutafuta kibali cha mazishi nikamjibu vibaya, naye alikuwa amefiwa na mkewe asubuhi ile. Nilimwomba radhi baadaye, lakini neno likishatoka limetoka.

Jioni Mama alipiga simu kuuliza kama avae viatu vya kufunga, kwa ajili ya majani. Nilimwambia ndiyo. Pale ndipo ningesema, Mama, tusogeze mpaka Jumatatu. Mtu aliyengoja miaka ishirini na sita angeshindwa kungoja siku tatu? Lakini nilishatamba, na mwenye kutamba haombi muda.

Ijumaa nilifika saa moja. Nakala ya akiba ilikataa mara sita. Saa mbili na nusu nikaifungua ile programu niliyokatazwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo nimewasomea wanangu mara ngapi sijui. Nikabonyeza kitufe cha kitako, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne kidude kikalia mara mbili na kompyuta ikakiona. Niliruka kwenye kiti. Likatokea swali. Enta. Likatokea jingine, refu kidogo, lenye sura ile ile ya maswali niliyoyagonga siku mbili nzima. Enta.

Nililisoma baada ya kugonga. Liliuliza: kifaa hiki ni kigeni, je, yaliyomo kwenye kompyuta yachukue nafasi ya yaliyomo kwenye kifaa?

Kwenye kompyuta hapakuwa na kitu.

Niliuvuta waya. Nilichelewa, maana kazi yenyewe haikuchukua hata sekunde tano. Kidude kililia kwa mlio mzuri, mlio wa kazi iliyokamilika, na kwenye skrini kukaandikwa: rekodi zilizofutwa, 412, rekodi zilizopo, 0, pande zote mbili zinalingana. Nilichomeka tena nikajaribu kuzirudisha zilizofutwa, nikaona sifuri ile ile. Nikaweka kichwa juu ya meza. Sikulia, nilikuwa nawaza betri za yule mjane, miezi ishirini na nne, upesi upesi, bila kuvuta pumzi.

Saa tatu kamili Mama aligonga mlango. Amevaa viatu vya kufunga, na kwapani amebeba kigoda.

"Nimekuja nacho nikae naye kidogo," alisema. "Umepata?"

Nilifungua kinywa kusema ukweli. Naapa, sentensi nilikuwa nayo tayari. Lakini aliniangalia jinsi alivyokuwa akiniangalia nilipokuwa mdogo nikileta ripoti ya shule, amekwisha kufurahi kabla sijaifungua bahasha.

"Nimepata, Mama," nilisema. "Hatua kumi na nne kutoka bombani."

Kumi na nne ilitoka wapi, mpaka leo sijui. Tulipita kati ya makaburi ya mawe hadi bombani, kisha nikaanza kuhesabu kwa sauti, naye nyuma yangu. Kumi na nne iliangukia mahali palipo na majani mafupi tu, kama kwingine kote. Nikasimama. Nikasema ni hapa.

Mama aliweka kigoda chake, akaketi, akaweka kiganja chini. Nilirudi nyuma nimpe nafasi, lakini nilimsikia. Alimwambia mtoto kwamba hakumwacha, alikuwa mgonjwa. Alimwambia baba naye ametangulia, na pengine wameshaonana. Alimwambia ana kaka, na kaka ndiye anayelinda hapa, ndiye aliyemtafuta mpaka akampata. Aliongea karibu saa nzima na mtoto wa mtu mwingine, au na udongo mtupu, na mimi nilisimama pale nimeshika ufunguo wa ofisi hadi ukaniachia alama kiganjani.

Alipomaliza nilimwinua. Alijipangusa magoti. Uso wake ulikuwa umelegea, umepungua miaka, na hilo ndilo siwezi kulisamehe: kwamba ilimsaidia.

"Una hakika ni hapa?" aliuliza. Hakuwa na shaka; alitaka tu kusikia tena.

"Imeandikwa, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilitaka kumshika mkono, akakataa. Akageuka kuelekea bombani, akaanza kutembea polepole na kigoda chake kwapani, akihesabu kwa sauti, ili siku nyingine aje mwenyewe asinisumbue kazini. Hatua zake ni fupi. Alipofika bombani alishika koki, akanigeukia.

"Zangu ni ishirini na moja," alisema. "Nishikie hiyo, nisije nikasahau. Ishirini na moja."

Nikamwambia ndiyo, Mama, ni ishirini na moja.