Seremala wa Moba

Ruffin hakuwahi kuona bahari. Alikuwa karani kwenye bohari la shaba karibu na mgodi wa Mashamba, mjini Kolwezi, na kazi yake ilikuwa kuandika namba za malori yanayoondoka kwenda bandarini. Madereva waliporudi walimhadithia meli walizoziona huko, na kwa hadithi hizo akaanza kuandika riwaya. Ilikuwa habari ya Chiwila, kijana wa Kilunda ambaye, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, alifuata msafara wa shaba kutoka upande wa Sandoa hadi pwani ya Angola, akawa baharia katika meli ya Wareno.

Aliandika sura tatu, akakwama. Hakujua meli inatoa sauti gani ikipigwa na wimbi, wala mtu anasimamaje juu yake. Akaomba likizo, akasafiri mpaka Kalemie, akapanda boti ya mbao iendayo Moba. Ziwa Tanganyika ndilo lililokuwa bahari ya karibu.

Ndani ya boti alikaa karibu na mzee mmoja aliyeitwa Tata Séraphin, seremala wa boti, aliyekuwa anarudi kwake Moba. Ruffin alipotoa daftari na kuanza kumuuliza, mzee alifurahi kama mtu aliyengoja miaka mingi kuulizwa. Alimwonyesha mahali mbao zinapokutana, na jinsi ya kuziba nafasi kati yake kwa pamba na mafuta ya mawese. Alimwambia kwamba kabla ya kupiga msumari wa kwanza yeye huupapasa ubao na kuuomba radhi: "Samahani, mama, sitakuumiza sana." Kwa siku moja na nusu Ruffin aliandika kurasa arobaini. Mzee alimgawia hata samaki wake wa kukaushwa.

Siku ya pili, mchana, upepo ulibadilika. Boti ilikuwa imepakiwa kupita kiasi, na wimbi la tatu lilipasua mbao za mbele. Watu walipiga kelele, magunia yakamwagika majini. Tata Séraphin akanyakua bidoni, dumu tupu la mafuta, akamsukumia Ruffin kifuani.

"Shika hii. Weye haujue kuogelea."

Ruffin akalishika. Hakukumbuka vizuri alivyoingia majini. Alikumbuka tu kwamba baada ya muda mrefu mzee alitokea ubavuni mwake, amechoka, midomo imekuwa ya kijivu, akaweka mkono juu ya bidoni. Bidoni likazama kidogo. Maji yakamwingia Ruffin puani.

"Ruffin," mzee alisema, "kidogo tu."

Ruffin akausukuma ule mkono.

Wavuvi walimwokota kabla ya jua kuzama. Daftari, alilokuwa amelifunga ndani ya mfuko wa plastiki chini ya shati, lilikuwa kavu. Mwili wa Tata Séraphin haukupatikana.

Alirudi Kolwezi, hakumwambia mtu. Lakini riwaya sasa iliandikika. Chiwila alipata rafiki melini, seremala mzee anayeziomba radhi mbao. Katika sura ya saba meli inapasuka, na Chiwila anamshika yule mzee kwenye kipande cha mlingoti mpaka wanaokolewa wote wawili. Ruffin aliiandika sura hiyo mara kumi na moja. Kila alipoimaliza alijisikia nafuu kwa siku chache, halafu akaianza tena.

Baada ya miaka miwili aliupeleka mswada kwenye kibanda kimoja karibu na soko, ambako watu huchapishiwa barua na maombi ya kazi. Mwenye mashine alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, jina lake Noëlla. Siku ya nne Ruffin alipopita kuona kazi imefika wapi, alimkuta ameacha kuchapa, mikono ameiweka mapajani.

"Tata Ruffin, huyu mutu wa kuomba mbao samahani, ulimutoa wapi?"

"Nilimubuni tu."

"Hapana. Huyu ni papa yangu. Papa Séraphin wa Moba. Alikufa mu ziwa."

Ruffin alivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. Akakubali kwamba alikuwemo kwenye boti ile.

"Na mu maji? Ulimuona?"

"Hapana," alisema. "Mu maji sikumuona tena."

Noëlla alilia, kisha akamshukuru. Alimshukuru kwa kumwokoa baba yake, hata kama ni ndani ya kitabu tu. Jioni hiyo hiyo alimpigia simu: mama yake, Mama Henriette, ambaye alihamia kwake Kolwezi baada ya msiba, alitaka kumwona. Jumapili, baada ya misa, aje asome ile sura.

Alitaka kukataa, akakosa sababu. Jumapili alikuta ugali wa bukari na mboga ya sombe mezani, na samaki mkubwa aliyewekwa upande wake. Mama Henriette alimshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, mi sijafanya matanga," alisema. "Batu baliniambia nifanye. Nilikataa. Nilikuwa nafikiri pengine maji ilimutupa fasi fulani, iko anatafuta njia. Soma. Nataka kusikia namna ulimushika."

Ruffin akafungua kurasa. Alisoma upepo, akasoma mbao zikipasuka. Mama Henriette alifumba macho, akawa anatikisa kichwa polepole. Alipofika mahali Chiwila anaponyoosha mkono, aliacha kusoma. Akajaribu tena sentensi ile ile. Ikakataa kutoka.

"Mama, haikukuwa hivi," alisema.

Akawaambia. Bidoni lilitoka kwa nani. Nani alirudi kulishika. Nani aliusukuma mkono. Hakuacha hata yale maneno mawili.

Noëlla alisimama, akaenda dirishani akawapa mgongo. Mama Henriette hakupiga kelele.

"Alisema 'kidogo tu'?"

"Ndiyo, mama."

"Aliita jina yako?"

"Aliliita."

Mama Henriette akaisogeza sahani ya Ruffin. Kisha akaifunika kwa sahani nyingine.

"Wiki hii nitafanya matanga," alisema. "Sasa najua alikufa. Lakini weye usikuje. Na hapa kwetu usirudi tena."

Matanga yalifanyika. Ruffin alisikia nyimbo zake kwa mbali alipokuwa akitoka kazini, akapita njia nyingine.

Mwezi uliofuata Noëlla alimwita kibandani. Alikuwa amechapa riwaya yote isipokuwa sura ya saba. Kurasa za mkono za sura ile alizirudisha mezani, zimekunjwa.

"Hii mi siichape," alisema. "Ukitaka papa abakie mu kitabu, andika namna ilikuwa. Kama haupende, mutoshe mu kitabu mote."

Ruffin alijaribu kwanza kumtoa. Lakini bila seremala meli haikuwa na mbao wala sauti. Chiwila alibaki akitembea juu ya kitu kisichokuwepo. Ikabidi aandike upya. Ilimchukua wiki tatu, na safari hii hakupata nafuu yoyote alipomaliza.

Noëlla aliichapa mbele yake, saa nne asubuhi, wateja wengine wakingoja nje. Hakumtazama. Alifika ukurasa wa mwisho, akasimama.

"Umeandika Chiwila alisukuma mukono. Alisukuma mara ngapi?"

Ruffin alitazama sakafu.

"Mara mbili."

"Basi," alisema Noëlla, akarudisha vidole kwenye mashine, "sema mara mbili, nichape."

Akasema.