Maji ya Meya

Aliyejenga nyumba ile alisahau kuweka bomba chumba cha chini, na waliokuja kuinunua walisahau kuuliza. Tangi la samaki la kioo lilikuwa zito kupita uwezo wa sakafu ya juu, ya mbao, basi mume akaliweka huko chini. Tangu hapo kila tone la maji lilipanda na kushuka ngazi ndani ya ndoo.

Mume alibeba mpaka mgongo ukagoma. Sasa yuko hospitali, kapasuliwa, na kila akipiga simu swali lake la kwanza ni samaki. Samaki mwenyewe ni mmoja tu, mnene, mwenye kidevu cha kiburi, wanamwita Meya. Mgonjwa anarudi kesho, na Meya tangu juzi anahema juu juu. Akifa leo, mke alijua atakayebebeshwa lawama.

Ya kwanza alishabebeshwa. Dada wa mume, aliyekuja kusaidia, alisema wodini mbele ya ndugu wote: "Mume anabeba ndoo, mke anatazama." Tangu siku ile mawifi hawa wakanuniana. Hata chumvi mezani iliombwa kwa kidole.

Na leo walifanya kazi vivyo hivyo, mdomo kufuli. Mke alikuwa chini, akinyonya maji machafu kwa mpira mpaka yajae ndoo. Wifi alikuwa bafuni, kwenye pipa la maji yaliyolala usiku kucha ili dawa ya bomba iishe nguvu, maana yakitoka bombani moja kwa moja yangemmaliza Meya. Ili wasitazamane, ndoo waliziacha kwenye kona ya ngazi, penye giza: huyu anaacha chafu, yule anaacha safi, kila mmoja anachukua ya mwenzake. Ndoo zote za bluu, huwezi kuzitofautisha.

Safari ya tatu mke alimimina maji "safi" tangini, akaona jani lililotafunwa likielea. Jani lile lile alilokuwa ametoka kulitoa! Akasonya. Kama amerudi na ndoo yake mwenyewe, huyo wa juu amemwaga nini? Kuita mara moja tu kungetosha. Lakini aanze yeye, aliyetukanwa? Thubutu! Akajaza tena, akapanda jasho likimtiririka, akaiweka chafu upande wa kushoto iwe alama. Sasa kushoto kwa anayepanda ni kulia kwa anayeshuka, na hilo halikumjia. Aliporudi tena chini na kumimina, jani hilo hapo, limewasili salama.

Meya akalala ubavu.

"Wifi!" Sauti ilimtoka kabla hajaizuia. "Unamwaga nini huko juu?"

"Maji safi."

"Na unajua?"

"Tangu ndoo ya tatu. Nilikuwa nasubiri useme wewe."

"Unamwaga maji safi chooni, makusudi?"

"Kwani wewe hukuona?"

Mke alitamani sana kudanganya. "Niliona," akasema, amekasirika maradufu.

Wifi akashuka na ndoo kwa mikono miwili, hatua kwa hatua, akaitua na kushika kiuno. "Pipa linakwisha. Hii ni safi, nimeichota sasa hivi. Jamani, nzito! Kaka alikuwa anabeba hizi peke yake?"

"Alikuwa anafunga mlango kwa ndani nisimsaidie. Eti nitamwaga ngazini. Nimegonga huo mlango mpaka vidole vikauma."

"Mbona siku ile hukusema?"

"Hukuuliza, wifi. Ulisema."

Mke akanyonya maji machafu kwa mpira mpaka ndoo yake ikajaa. Kisha wakaishika ile safi pamoja, wakamimina polepole kando ya kioo. Meya akayumba, akatapatapa, kisha akajigeuza akakaa sawa.

"Kesho nitawaita wote," wifi akasema, bila kuinua macho. "Wote waliokuwepo wodini. Na kaka akiwepo."

Mke alikuwa amejiandalia maneno makali ya wiki nzima, na sasa hakuona pa kuyaweka. Alilia kwa hasira, akajifuta kwa mkono uliolowa maji ya samaki, akamsukumia wifi ndoo chafu.

"Mwaga hii kwanza," akasema.