Mstari Mwekundu wa Baba Mkwe

Kama hujawahi kuogopa mstari mmoja kwenye kompyuta, mshukuru Mungu wako. Atupele aliuogopa wiki nzima. Mistari mia nne na kumi ilishakuwa ya kijani. Mmoja tu, wa mia mbili na kumi na mbili, ulibaki mwekundu kama pilipili, na mwenye mstari huo alikuwa baba mkwe wake.

Tuelezane vizuri. Atupele ndiye mtunza data wa ushirika wa wakulima wa parachichi, ofisi yao ipo Msasani, hapo hapo Tukuyu. Kila msimu Rodrick, fundi wa kompyuta kutoka Singida, hutengeneza kanzidata mpya, akamimina humo majina ya wakulima na idadi ya miti yao. Kisha Atupele huihuisha: huzunguka vijijini, huhesabu upya, hufuta namba ya zamani na kuweka ya leo, na mstari mwekundu hugeuka wa kijani. Namba hizo huingia kwenye programu ya mipango, nayo ndiyo husema kreti ngapi ziende Kiwira, ngapi Kisiba, na lori lianzie wapi. Programu haina macho jamani. Ukiidanganya, nayo inadanganya, tena kwa kujiamini.

Na msimu uliopita ilidanganya hasa. Mstari wa baba mkwe ulisema miti mia tatu na arobaini, namba iliyokuwa ikirithiwa kutoka kanzidata hadi kanzidata kwa miaka mitatu bila mtu kuigusa. Mzee akapelekewa kreti za miti mia tatu na arobaini, lori likarudi nusu tupu, huku parachichi za majirani zikiozea chini kwa kukosa kreti. Mnunuzi wao, mwenye lori, akasema likirudi hivyo tena, asitafutwe. Safari hii alitaka kila mstari uwe na hesabu ya msimu huu, la sivyo mpango wao haupokei. Mwisho ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

"Atupele mdogo wangu," alisema Bi Modesta, meneja, siku ya Alhamisi, "data ni yako. Mstari ule ukibaki mwekundu, kiti hicho atakikalia mwingine. Nakupenda, lakini ndivyo."

"Si aende Rodrick?"

"Nimeenda mara mbili, dada!" Rodrick akadakia. "Mara ya kwanza nililishwa ndizi na mtindi mpaka nikasinzia. Mara ya pili mzee akaniambia shamba lake halihesabiwi na mgeni, ni mtu wa ukoo tu. 'Si mnaye mkamwana wangu huko ofisini? Mtumeni yeye, si mwingine.'"

Atupele akasonya. Mzee yule! Alijua fika kwamba mkamwana hawezi kuja.

Maana kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawasemezani. Hata jina lake hulitamki. Atupele akisoma orodha mkutanoni, akifika mstari ule hukohoa, na Rodrick humsaidia kwa sauti: "Ambindwile!" Vijana wengi siku hizi wameilegeza mila hii, wanakula meza moja na wakwe zao na kupiga nao picha. Lakini Mzee Ambindwile? Thubutu! Mwaka wa kwanza wa ndoa Atupele alikutana naye kwenye kona ya njia bila kutaka, akatozwa kuku. Mwaka wa pili, kona ile ile, kuku mwingine.

Na mzee kukwepa kuhesabiwa miti ni kwa sababu ya kiti cha mkutanoni. Wenye miti zaidi ya mia tatu hukaa mbele kwenye mkutano mkuu, na soda huanza kwao. Mzee alishang'oa miparachichi yake mingi akarudishia migomba, kijiji kizima kilinong'ona, lakini kiti cha mbele kilishamkolea.

Jioni ile Atupele alikuwa akimenya ndizi kwa hasira, maganda yanaruka huku na huku. Ghafla akasimama na kisu mkononi, akacheka peke yake.

"Kuna nini?" aliuliza mumewe, Jackson.

"Mimi nikimwona baba, nakimbia. Sivyo?"

"Ndiyo."

"Na baba akiniona mimi?"

"Naye anakimbia."

"Basi," alisema Atupele, akaendelea kumenya ndizi zake. Msumeno bwana, hukata mbele na nyuma.

Ijumaa saa nne asubuhi bodaboda ikamshusha Kisiba, nyumbani kwa wakwe zake, miguuni gambuti, kwapani furushi la kamba kavu za mgomba. Akapitia jikoni kwanza.

"Ugonile, mama," akasalimia.

Mama mkwe akaziangalia zile kamba, akaangalia upande wa shamba, kisha akainamia chungu chake ili asionekane anacheka. "Mimi nimo jikoni, mwanangu. Sijaona kitu."

Mzee alikuwa juu shambani, ameegemea mti, anapunga upepo kwa raha zake. Atupele hakunyatia, hata kidogo. Kwenye kwaya ya kanisa yeye ni sauti ya kwanza. Akasafisha koo, akafunga kamba kwenye mti wa kwanza iwe alama kwamba umehesabiwa, akaanza kuimba hesabu.

"Moojaaa! Mbiiliii! Taatuuu!"

Mzee akashtuka. Amfukuze? Atamwona. Amkemee? Atakuwa amesema naye. Akashika njia ya kushoto, sauti ikaja kushoto. Akashika ya kulia, sauti ikamfuata.

"Mama Jackson!" alimwita mkewe, anahema. "Mama Jackson! Mwite mtu wako!"

"Mtu gani?" ikajibu sauti kutoka jikoni. "Mimi simwoni mtu."

Ikabidi mzee ajibanze nyuma ya mparachichi. Sasa mparachichi wenyewe shina lake mkono mmoja unalizunguka, na Mzee Ambindwile, Mungu amzidishie, ni mtu wa mwili. Tumbo lilichungulia upande huu, koti upande ule. Atupele, mtoto mwenye adabu zake, akageuza uso, akauacha mti ule, akazunguka mbali akiimba kwa nguvu zaidi. Mzee akachomoka mbio hadi mti mwingine. Baada ya muda, mwingine tena. Mwishowe akapata hifadhi ndani ya migomba, ile ile aliyoipanda kwa siri, na humo akatulia akisikiliza mpaka mwisho.

"Mia mojaaa na kumi na naaneee!"

Saa kumi na nusu Atupele alikuwa ofisini. Aliandika mia moja na kumi na nane, lakini kidole kikasita kabla ya kuthibitisha. Furaha ilishamtoka. Alimwonea huruma yule mzee. Ndiye huyo aliyeleta maziwa kila asubuhi Atupele alipojifungua, akiyaweka mlangoni na kuondoka bila kuonekana. Leo mkamwana amemkimbiza shambani kwake mwenyewe. Akaona aibu ikimpanda mpaka masikioni.

Simu ikaita. Mama mkwe.

"Atupele, kuna mtu amekaa hapa kando yangu. Anasema umekosea."

"Najua, mama. Mwambie naleta kuku, hata watatu."

Ukasikika mnong'ono mrefu wa sauti nzito.

"Anasema kuku wa nini? Leo hakuna aliyemwona mwenzake. Na mkutanoni atakaa nyuma, maana wewe unasimama mbele na hiyo kompyuta, mila hairuhusu."

"Sasa nimekosea nini, mama?"

Mnong'ono tena, safari hii mfupi.

"Hesabu. Uliimba mia moja na kumi na nane, na ni mia moja na ishirini na moja. Ile mitatu aliyokuwa amejificha nyuma yake, uliiruka."

Atupele akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akafuta namba, akaandika mia moja na ishirini na moja, na mstari ukawa wa kijani.