Pete ya Mama Kwenye Migomba

Kila asubuhi mama alimkatia ng'ombe mgomba. Panga lilipanda na kushuka, na ukungu wa Meru nao ulishuka taratibu hadi kwenye paa la zizi. Asubuhi hiyo panga likanyamaza. Nilipotoka jikoni nilimkuta ameushika mkono wake wa kushoto kama unamuuma.

"Nice," aliniita, "pete imenitoka."

Ilikuwa pete yake ya ndoa, nyembamba, ya kijivu. Kijiji kizima cha Akheri kilijua ni ya fedha. Baba tulimzika mwaka uliotangulia, na siku moja kabla ya pete kupotea mama alikuwa ameshinda akitia samadi kwenye mashina ya migomba kwa mikono yake.

Tulipekua siku mbili bila kuiona. Ndipo nikamkumbuka Najim, kaka yake Faudhia niliyesoma naye chuo. Tangu serikali iruhusu bidhaa za nje, duka lao la Arusha mjini lilijaa vitu vya Dubai, na kimojawapo kilikuwa mashine ya kusikiliza vyuma ardhini. Watu waliiazima kutafutia hela za Wajerumani zilizofukiwa wakati wa vita.

"Shikamoo mama," alisema Najim alipofika. "Mchana nasubiriwa Kikatiti, lakini pete tutaipata."

"Marahaba, baba. Mungu akusaidie."

Alinivisha visikilizio masikioni. Nikasikia shamba letu likiimba. Kila hatua ilitoa mlio, kama ndege wamelala chini ya udongo na sisi tunawaamsha. Tulichimba, tukatoa msumari. Tukachimba tena, kipande cha jembe. Msumari mwingine.

"Nice, hapa kwenu mnapanda ndizi au misumari?" Najim alicheka, akazungusha kitufe. "Sasa haitasikia chuma. Ikilia, ni fedha au shaba."

Ndege wote wakanyamaza. Tulipita katikati ya migomba kwenye ukimya wa kijani, umande ukitudondokea mabegani, nikatamani tusifike mwisho. Mashine ililia mara moja tu: senti ya zamani.

Mama alitufuata nyuma. Mara mbili alifungua mdomo, akaufumba.

Tulipomaliza shamba, Najim alianza kukunja waya. "Samahani, mama. Haimo humu."

"Imo."

"Ingekuwemo ingelia, mama. Fedha haijifichi."

Mama alinitazama mimi, si yeye. Akaikaza kanga yake kiunoni.

"Mwaka tuliooana kahawa haikulipwa," alisema. "Arusi ilikuwa Jumamosi, na mchungaji hafungishi bila pete. Baba yako alikwenda kwa mhunzi na msumari wa paa. Wakaugonga, wakaukunja, ncha zikakutana. Watu waliposema ni fedha, tuliwaacha waseme."

Najim aliacha waya.

"Irudishe mashine isikie misumari, baba," mama akamwambia. "Yote. Mimi sitafuti fedha. Nautaka msumari wa mume wangu."